Uso wa Nani Unauzwa?

Mchoraji akimchora jirani yake na picha ikanunuliwa, jirani ana haki gani? Swali hili nililikuta Kibera, kwenye maonyesho madogo ya Maasai Mbili, kundi lililoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Kota Otieno, waliotoka kwenye uchoraji wa mabango ya biashara.

Mama mmoja muuza omena alisimama mbele ya picha ya muuza omena. "Sasa huyu anauza rangi ama ananiuza mimi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwenye bango swali hilo halizuki. Kinyozi analipa, bango linamletea wateja, hesabu imeisha. Picha ya maonyesho inaenda zake Karen au Berlin, na aliyechorwa habaki na kitu. Mwaka 2009 Mfaransa JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za wanawake, zilizochapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Sifa alizopata tunaweza kubishania hadi kesho, lakini nyumba kutovuja ni malipo.

Sisemi mchoraji agawe pesa; wengi wao hata kodi ni shida. Ila aliyetoa uso aione picha kabla ya mnunuzi, na akikataa, isiuzwe. Mchoraji mmoja aliniambia hapo nimeifunga sanaa mikono. Nikamuuliza kama yeye angekubali kutundikwa sebuleni kwa mtu asiyemjua.

Akafikiria. "Inategemea sebule."