Visima vya Isaka na Maji Yetu

Somo: Mwanzo 26:12–22



Jumapili inayotangulia Sikukuu ya Kupaa, Kanisa huombea mashamba. Ni vema, kabla ya kuomba, tujiulize mashamba hayo tumeyatunzaje.

Isaka alipokaa katika bonde la Gerari alikuta visima vya baba yake vimefukiwa. Akavichimbua. Watumishi wake walipopata maji mapya, wachungaji wa Gerari waliyagombania. Kisima kimoja kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, yaani uadui. Isaka hakushika rungu. Alichimba tena, na kisima kile hakikugombaniwa. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Ndugu zangu, sisi wa Kilwa na Lindi Eseki na Sitna twavijua. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa bonde la Usangu, na baadhi yao wakaletwa huku pamoja na mifugo yao. Tangu hapo mkulima hulalamika kwamba ufuta wake umeliwa na kisima kimechafuliwa. Mfugaji naye hulalamika kwamba kingo za mto zimelimwa, ng'ombe hawana njia ya kufikia maji. Wakati wanagombana, udongo unawakimbia wote wawili.

Maji hayajui mpaka wa shamba. Kilima kikifyekwa na kuchomwa moto kila mwaka, mvua haikuti jani wala mzizi wa kuipunguza mwendo. Ardhi haipati nafasi ya kuinywa. Inateremka, inachimba makorongo, inabeba rutuba hadi baharini. Masika mto hufurika, kiangazi kisima hukauka. Tunakumbuka mafuriko ya Januari 2020 yaliyoua watu wilayani Kilwa, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika Somanga. Mvua zile hatukuzileta sisi. Lakini ardhi iliyo uchi huongeza msiba.

Je, ardhi iliyochoka yaweza kupona? Yaweza. Kule Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote itoke katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na miti ikarudi. Lakini mzigo ulikuwa wa wenye mifugo, na amri haikuwa yao.

Shinyanga walipita njia nyingine. Tangu mwaka 1986, mradi wa HASHI ulifufua desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua yapate kukua, kisha hufunguliwa kiangazi kwa sheria za wenyeji wenyewe. Katika miaka ya 2000 hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimehuishwa.

Sasa fikirini. Miongoni mwa wafugaji tunaowaita wageni wamo Wasukuma. Ujuzi tunaouhitaji huenda umekaa jirani, nasi hatujaubishia hodi.

Basi tufanye nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Wakristo tusikae kimya mkutanoni. Tushirikiane na ndugu zetu Waislamu, na mfugaji apewe kiti. Wa juu ya mto na wa chini ya mto wakubaliane: wapi pasilimwe, ng'ombe wapite wapi, moto uzuiwe vipi. Kisha mikono ifanye kazi. Miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe linaloning'inia, vyatosha kupima mstari wa makinga maji, na hata mtoto wa shule aweza kujifunza.

Anayelima juu ya mto ndiye Biblia inayosomwa na anayeteka maji chini. Kumpenda jirani, katika nchi kavu, ni kumpelekea maji safi na kumwachia udongo wake.

Bwana atujalie kutoka Sitna, tufike Rehobothi. Amina.