Karo ya Chuo na Riba

 

Kila yatokapo majibu ya mtihani wa kidato cha nne, vijana wa hapa Kiganjo hutujia wakiuliza: Je, yafaa kuomba fedha za Serikali za kusomea chuo? Wako wanaowajibu kwa neno moja, "Haramu", kisha wakajiendea zao. Jibu hilo ni jepesi kwa mwenye kulitoa, zito kwa mwenye kulibeba, kwani karo ya Juja haimngoji.

Wala si jibu kamili. Mpango ulioanzishwa mwaka 2023 ulikuwa na mafungu mawili: ruzuku isiyorudishwa, na mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Ruzuku, kama ilivyo basari ya mfuko wa jimbo, ni mali ya umma iliyowekewa mhitaji. Muislamu hulipa kodi kama wenziwe; basi na aiombe bila ya haya.

Mkopo ndio wenye mushkili. Juu yake huwekwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, hata deni la shilingi 100,000 likaongezewa 4,000. Watu husema ni kidogo kuliko ya benki, na kweli ni kidogo. Lakini ziada iliyoshurutishwa katika deni ni riba, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuila, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake. Mwenye kudai dharura asijikatie shauri barazani. Amwendee mwanachuoni aijuaye hali yake, tena baada ya kubisha milango mingine.

Na liko jingine lisilosemwa. Fomu huuliza pato la wazazi, na madaraja ya msaada hupangwa kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Baba mwenye vyumba vya kupangisha akimwandikisha mwanawe kuwa mtoto wa fukara, ameikimbia riba akaangukia uwongo na dhuluma. Anayepunjwa ni mtoto wa kibarua wa mashamba ya mananasi.

Sasa tujiulize sisi tulio wazima. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Sisi tumechukua la nani? Sura ya Tauba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Basi zaka ya mwaka huu, wenye maduka wa Thika, isiishie katika noti za hamsini mlangoni mwa msikiti. Sehemu yake ilipiwe karo ya mafukara, na wasio mafukara wapewe karadha njema kutoka katika sadaka zetu, iandikwe kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Baqara, irudishwe pasi na ziada. Daftari litafunguliwa Ijumaa hii baada ya darsa.