Mzigo wa Mwenzio

Nakuru tunatuma vitu kwa njia rahisi sana. Ukitaka kumpelekea binamu yako viatu Nairobi, unaenda stage, unalipa pesa kidogo, karani anaandika jina na nambari ya simu juu ya mfuko, na baada ya saa chache binamu anapigiwa simu akauchukue. Hakuna anayekuuliza ndani mna nini. Mzigo ukipotea, unarudi stage kupiga kelele, na mara nyingi kelele zinasaidia, maana dereva anajulikana, karani anajulikana, na hata wewe unajulikana.

Shida inaanza tunapoihamisha tabia hii ya stage mpaka kwenye dirisha la posta, siku mzigo unapoelekea Riyadh, Leeds au Minneapolis.

Pale dirishani kila mtu huuliza swali moja: "Itafika?" Ni swali la haki. Vifurushi hupotea, hupasuka, hukwama forodhani wiki baada ya wiki. Lakini kuna swali lingine ambalo ni nadra kulisikia, nami naona ndilo zito zaidi: mzigo huu ukileta balaa, nani ataumia? Jibu mara nyingi ni mtu ambaye hata hakujua kuna hatari.

Tuanze na posta yenyewe. Mwaka 1874, nchi kadhaa zilikutana Bern, Uswisi, zikakubaliana kuhesabiana kuwa eneo moja la posta, ili barua ya huku ipokelewe kule bila majadiliano mapya kila mpaka. Umoja wa Posta Duniani ulizaliwa hapo, na Kenya ikajiunga 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Ukifikiria vizuri, ni jambo la kushangaza. Watu wasiojuana, wasio na lugha moja, wanakubali kubebeana mizigo kwa kuamini karatasi iliyobandikwa juu yake.

Mkataba wa umoja huo una kanuni moja ninayoipenda: kifurushi hubaki mali ya mtumaji mpaka kikabidhiwe mwenyewe, isipokuwa kama kimekamatwa kwa mujibu wa sheria za nchi kilikotoka au kinakokwenda. Yaani ile sweta uliyomtumia mamako mdogo aliyeko Leeds bado ni yako ikiwa angani juu ya Sudan. Haijawa zawadi. Na kama bado ni yako, basi maswali yake pia ni yako.

Ndiyo maana kuna ile fomu ya forodha, CN22 kwa vifurushi vidogo na CN23 kwa vikubwa. Inauliza kuna nini ndani, kina uzito gani, thamani yake ni ngapi, ni zawadi au ni bidhaa ya kuuzwa. Kisha inataka sahihi yako, na sahihi hiyo ni ahadi: kwamba uliyoandika ni kweli, na kwamba hujaweka kitu cha hatari wala kilichokatazwa. Nimekaa cyber nikiwajazia watu makaratasi ya kila aina, na nakwambia hiyo sehemu ya sahihi ndiyo watu husoma mwisho, kama wanaisoma.

Kuna uongo wa aina mbili unaoingia kwenye fomu hiyo.

Wa kwanza ni wa bei. Dada anauza vyondo mtandaoni, mteja wa Marekani anamwambia, "Andika zawadi, thamani dola kumi." Tangu mwisho wa Agosti 2025, Marekani ilipoondoa msamaha wa ushuru kwa bidhaa za chini ya dola 800, ombi kama hilo lina ushawishi zaidi. Na dada anawaza: mteja akikasirika nimepoteza soko, mimi ni nani nimkatalie? Namwelewa. Lakini aangalie nini kimetokea. Faida ya ule uongo imeenda kwa mteja, na sahihi ni ya dada. Kikapu kikipotea, hawezi kudai fidia ya dola 60 kwa kitu alichoapa ni cha kumi. Mteja yuko nyumbani Ohio, ametulia, na huenda anadai kurudishiwa pesa zake.

Uongo wa pili ni wa vilivyomo, na huu ndio unaonitia hofu.

Chukua mfano wa msichana kutoka Rongai au Molo aliyeenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Mgongo unamuuma. Anampigia kaka yake amtumie zile dawa alizozoea. Kaka ananunua, anazisokomeza ndani ya mkebe wa majani chai, anaandika "chai". Amefanya hivyo kwa upendo, hilo sina shaka nalo. Lakini nchi za Ghuba zina sheria kali sana kuhusu dawa zenye kodeini au tramado, na kuingiza bila kibali kunaweza kukufikisha jela. Mkebe ukifunguliwa, polisi hawatakuja Molo. Jina lililo juu ya boksi ni la dada, anwani ni ya mwajiri wake, na huenda pasipoti yake imefungiwa kabatini na huyo huyo mwajiri. Kaka amemtumia dada yake kesi.

Au chukua nyama kavu. Mtu yuko Uingereza, ana hamu ya ladha ya nyumbani, mama anamkaushia, anaifunga ndani ya nguo, anaandika "nguo". Ni mapenzi matupu. Lakini mtu wa Bonde la Ufa anayefuga ng'ombe anajua ugonjwa wa miguu na midomo ukitangazwa kunakuwaje: soko la mifugo linafungwa, maziwa hayanunuliwi, karo inakosekana. Mwaka 2001 ugonjwa huo uliingia Uingereza, na inaaminika ulipitia nyama iliyoingizwa kinyume cha sheria, ikaishia kwenye mabaki waliyolishwa nguruwe. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Mkulima wa kule alilia kama ambavyo mkulima wa Njoro angelia.

Na kuna betri. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai, moto ukazuka kwenye shehena iliyokuwa na maelfu ya betri za lithiamu, na marubani wote wawili wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya mizigo hiyo ilistahili kutangazwa kuwa ya hatari, lakini makaratasi hayakusema hivyo. Power bank yako moja ndani ya soksi si shehena, sawa. Lakini rubani hawezi kujua ziko soksi ngapi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio begani kwa mwingine unauona mwepesi kama usufi, kwa sababu hauukalii wewe. Sijui maneno mengine yanayoieleza vizuri zaidi hatari ya kutuma vitu mbali. Umbali hufanya hatari ya mwenzako ionekane nyepesi.

Najua mtakachosema. Kwanza, sheria zenyewe zina upendeleo. Waridi za Naivasha huondoka kila siku kwa malori na ndege mpaka Ulaya, lakini mursik ya mama haiwezi kuvuka. Ni kweli inauma. Ila waridi hizo hazipiti kwa sababu ni za matajiri tu. Zinapita zikiwa zimekaguliwa na KEPHIS na zina cheti, na mdudu akipatikana, mwenye shamba anahesabu hasara yake. Unaweza kulalamika kwamba cheti hicho hakimfikii mama mwenye kilo moja ya maharagwe, na mimi nitalalamika pamoja nawe. Lakini lalamiko halitatuliwi kwa kumfanya mpokeaji awe ngao.

Pili, mtasema kila mtu anadanganya, wakubwa wanaiba mabilioni, kwani kopo langu ni nini? Hapa naona tunachanganya mambo. Ukiikasirikia serikali, anayelipa kwa mkebe ule ni dada yako, au rubani. Aliyeiba mabilioni wala hatasikia.

Wengine huikwepa posta kabisa: wanamvizia mtu anayesafiri, "Nibebee hiki kidogo tu, kuna mtu atakupokea uwanjani." Hapo hatari haijapungua, imehamia kwenye mwili wa mtu. Kifurushi cha posta kikikamatwa, angalau kina jina la aliyekituma. Begi likikamatwa, mwenye begi ndiye mwenye kosa mpaka athibitishe vinginevyo, tena katika lugha asiyoijua.

Kwa hiyo mimi ningependa tubadilishe mpangilio wa maswali. Kabla ya "itafika?", mpigie anayepokea umuulize: huko kwenu hiki kinaruhusiwa? Msomee kila kilichomo ndani, hata kile ulichotaka kumshtukizia. Ana haki ya kukataa, kwa sababu mlango utakaobishwa ni wake. Andika thamani ya kweli. Kama ni kitu usichoweza kukipoteza, lipia bima, na utunze risiti, maana muda wa kuuliza mzigo ulikopotelea ni miezi sita tangu uutume, si milele.

Huenda boksi likatoka dogo kuliko ulivyopanga. Nyama itabaki, dawa zitabaki, power bank itabaki. Litabaki leso, kitabu, picha, na barua ya mkono ya mama. Dada wa Riyadh akiitwa kulichukua, ataenda bila kujiuliza kaka yake ameficha nini ndani.