Toa Mafuta ya Zamani

Andiko: 2 Mambo ya Nyakati 29:1–17



Majuzi nilinunua pikipiki kuukuu kwa jirani mmoja. Ilikuwa imekaa kibandani zaidi ya mwaka, lakini kwa macho ni safi kabisa. Akaniambia, "Pasta, tangi liko nusu, wewe ongeza tu." Si mnajua nilisomea biashara? Nikapiga hesabu haraka: nusu tangi ya bure, hiyo ni faida. Nikaongeza lita tatu juu yake, nikapiga kiki, ikashika. Haleluya!

Kwenye tambarare ilienda vizuri. Nikianza kupanda mlima wa kuja kanisani, inakohoa, inazima. Nikabadilisha plagi, bado. Nikaongeza petroli, bado. Jioni moja nilifika ibada nikiisukuma, jasho linatiririka, na nilikuwa nihubiri juu ya ushindi. Cheka tu, hata mimi nimecheka.

Fundi hakugusa injini kwanza. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akaniita ninuse. Haikuwa harufu ya petroli tena, ni kama rangi ya mbao iliyoharibika. Akanieleza kwamba petroli ikikaa sana, sehemu yake nyepesi hupotea hewani, na inayobaki hugeuka kama gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Mlimani injini inataka mafuta mengi, na njia imeziba. "Pasta," akasema, "umekuwa ukimwaga mpya juu ya mbovu."

Tukafunga koki, tukachomoa bomba, tukashusha tangi, tukamwaga yote kwa jerikeni, nje, mbali na jiko na sigara. (Vijana wetu wa boda, tafadhali: msiyanyonye kwa mdomo, wala msiyamwage mtaroni.) Yalitoka meusi kama strungi. Nilimwuliza fundi kama hatuwezi kuokoa zile lita zangu mpya. Alinitazama tu.

Ndani kulikuwa na kutu. Akatia siki na nati chache, akatikisa, akaacha usiku mzima. Asubuhi akasuuza kwa maji, akalikausha kabisa, kisha akapitisha petroli kidogo safi ili kutu isirudi. Kabureta ikafunguliwa, chujio likawekwa jipya. Siku mbili nzima, kwa sababu ya mafuta ambayo mimi sikuyaweka!

Hapo ndipo Roho alinishika, wapendwa. Hezekia alipokuwa mfalme alikuta milango ya hekalu imefungwa na uchafu umejaa ndani. Si yeye aliyeuleta. Ni baba yake, Ahazi. Angeweza kuanza ibada juu ya ule uchafu, apige ngoma, alete sadaka. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka wake wa kwanza alifungua milango, makuhani wakaingia mpaka ndani kabisa, wakatoa uchafu hadi uani, na Walawi wakaupeleka kijito cha Kidroni. Kazi hiyo ilichukua siku 16. Sadaka zilikuja baadaye.

Katika biashara tulifundishwa kwamba ukinunua kampuni, unaweza kujikuta umenunua na madeni yake. Mimi niliyajua hayo darasani, sikuyajua nyumbani kwetu.

Baba yangu na mdogo wake walikosana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Baba alilala bila kusema naye. Sisi watoto tukaendelea pale alipoachia. Harusi hatualikani, msiba tunakaa hema tofauti. Mimi nimeokoka, nimefunga, nimekesha, nimewekewa mikono niwe mchungaji, na miaka yote hiyo sijamwamkia baba yangu mdogo. Nilikuwa najiambia, hiyo si vita yangu. Kweli, si mimi niliyeianzisha. Lakini ilikuwa ndani ya tangi langu, na kila maombi mapya nilikuwa nayamwaga juu yake. Mlimani, nikiombwa kupatanisha mume na mke hapa kanisani, nilikuwa nazima. Maneno ninayo, nguvu sina. Kuna wazee hapa waliliona hilo kabla yangu.

Kwa hivyo nilimpigia simu. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili alishika. Nikasema, "Shikamoo, baba mdogo," na nikakosa la kuongeza. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza watoto wanaendeleaje, na kama mama bado anasumbuliwa na magoti.

Mambo ya mpaka hatujayagusa. Jumamosi naenda kwake, na mzee mmoja wa kanisa amekubali kunisindikiza. Nyinyi ambao mna simu kama hiyo ya kupiga, tuonane Ijumaa kwenye maombi ya kesha, tuombe pamoja kabla sijasafiri.