Wajibu Usiosafiri

Mwacha asili ni mtumwa, husema wazee. Kijana wa Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, anayefikiria kuhamia Dar es Salaam au Mwanza hukumbushwa methali hiyo kabla hajafunga mizigo. Huku kuna wazazi na shamba. Kule kuna kipato na hospitali kubwa. Lakini asili ya mtu ni ipi: ni kule alikotoka, au ni watu wanaomtegemea?

Swali hilo liliwakabili wakimbizi wa Katumba na Mishamo, hapa Katavi, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora. Walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi, wakalima. Miaka 35 hivi baadaye walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kuwa raia.

Tutakosea tukisema waliorudi walichagua ndugu na waliobaki walichagua maisha mazuri. Aliyerudi aliwaendea wa ukoo wake. Aliyebaki hakutaka kuwaacha watoto waliozaliwa hapa na makaburi ya wazazi yaliyo hapa. Undugu ulivuta pande zote mbili. Ndiyo maana mpango wa kuwatawanya raia hao wapya katika mikoa mingine ulikuwa mzito, na ni heri uliachwa. Hati ya uraia humpa mtu nchi, ila haimpi jirani wa kumsaidia kubeba mgonjwa usiku.

Basi anayepima kuhama asiulize tu anawapenda ndugu zake kiasi gani, maana upendo haupungui kwa umbali. Aulize ni wajibu upi unaosafiri na upi usiosafiri. Ada ya shule hutumwa kwa simu, na ushauri vilevile. Kumuuguza mama, kulea mtoto na kuchimba kaburi huhitaji mtu awepo.

Kama wajibu usiosafiri una mtu mwingine wa kuubeba kwa hiari, kijana aende kwa baraka zote. Kuondoka kwake si usaliti. Kama hana wa kumwachia, abaki bila kujiona ameshindwa. Na ndugu wanaomtaka abaki wajiulize pia kama wanamhitaji kweli, au wamezoea tu kumwona. Uamuzi wa kuhama ni wa familia nzima, na haki inadai kila upande useme ukweli wa haja yake.