WAZO LA LEO: Zamu ya Kuwaangalia Watoto

Ukoo mzima ukijaa ufukweni mwa Ziwa Victoria siku ya mapumziko, mashangazi wanapara sato, wajomba wanachochea mkaa na babu amejilaza mkekani, kila mtu hudhani mwenzake anawaangalia watoto. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele: mdomo uko usawa wa maji, pumzi ya kuita hana, na mikono inasukuma maji badala ya kupunga. Dakika chache zinatosha, hata karibu kabisa na mkeka.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama duniani. Kwenye familia, kinga inaanza na jambo dogo. Kabla watoto hawajavua nguo, mtajeni mtu mzima mmoja kwa jina. Kazi yake iwe maji tu: hashiki simu, hageuzi samaki, hanywi pombe. Baada ya nusu saa amkabidhi mwingine waziwazi: “Shangazi, sasa ni zamu yako.” Wadogo wawe mahali pa kufikiwa kwa mkono.

Wingi wa ndugu ni baraka, ila baraka hiyo nayo hupangiwa zamu.