Nani Aliye Nyuma?

Neno "maendeleo" twalisikia karibu kila siku, mikutanoni, shuleni, na hata katika halmashauri ya parishi. Basi ni vema tujiulize: tusemapo kwamba nchi fulani iko nyuma, iko nyuma ya nani, na katika njia gani?

Mwaka 1960 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, W. W. Rostow, alitoa kitabu kilichosomwa sana na wakubwa wa serikali. Alifundisha kwamba mataifa hupita hatua tano. Kwanza ni maisha ya jadi, pili, matayarisho, tatu, uchumi huruka, kama ndege iachapo uwanja, nne, hukomaa, na mwisho watu wengi hununua vitu kwa wingi, kama walivyofanya Wamarekani wakati ule. Kwa hiyo njia ni moja, na waliotangulia ndio wanaojua wengine wapite wapi.

Tusiidharau fikira hiyo. Ilikubali kwamba kila taifa laweza kuinuka. Tena hakuna kati yetu anayetamani kurudi siku ambazo surua iliweza kumaliza watoto wa nyumba moja. Lakini ndani yake mna hatari. Ukiisha kumwita mwenzako kuwa yu nyuma, huoni tena sababu ya kumwuliza neno.

Hatari hiyo ilionekana hata kabla ya kitabu hicho, tena hapa kwetu Tanzania, kule Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga, zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza mwaka 1947. Yakaletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa ili vifanye kazi ya shamba. Mizizi ikavunja mitambo. Udongo ukakauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mvua nayo haikutosha. Wagogo, ambao hulima mtama na uwele kwa kuwa wanaijua mvua ya kwao, wangaliweza kulisema hilo mapema. Lakini nani angemwuliza mtu wa jembe la mkono? Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zilikwisha kupotea.

Je, kosa hili ni la wageni tu? La. Mwaka 1973 serikali yetu wenyewe iliamuru kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Shabaha ilikuwa njema: maji, shule na zahanati, na wengi walivipata. Lakini wengi pia walihamishwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Hapo ndugu alimtendea ndugu yake kama mgeni alivyotutendea.

Mtu atasema, "Tukimwuliza kila mmoja tutachelewa, na huku watoto wanakunywa maji machafu." Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Kongwa haikuharibika kwa kuchelewa, bali kwa haraka. Wala kumwuliza mkulima si kusema kwamba yeye hakosei. Hukosea kama mtaalamu. Tofauti ni kwamba mpango ukivunjika, mtaalamu hurudi kwao, na mkulima hubaki na shamba lililoharibika na watoto wa kulisha. Atakayebeba hasara ana haki ya kusema kwanza.

Basi tutakapokaa kuamua kisima kichimbwe wapi, tuangalie akina mama wachotao maji wameketi wapi, na kama wamesema. Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Maendeleo hutokana na kuendelea, na kuendelea ni kazi ya mwenyewe. Twaweza kumsaidia mwenzetu, lakini hatuwezi kuendelea kwa niaba yake, kama vile mtu hawezi kula ili mwenzake ashibe.